Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuliona Doa Kabla ya Tundu

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika wa chama chetu cha watoa huduma ya meno. Mahesabu atayasoma mtunza hazina, na ambao hawajakamilisha ada naomba wafanye hivyo kabla ya kikao kijacho. Wanachama wapya kutoka vituo vya afya vya wilayani, karibuni sana. Nyinyi ndio mnaoonana na watoto wengi kuliko sisi wa mjini, na mengi nitakayosema yanawahusu.

Kamati yenu mwaka huu iliweka nguvu kwenye jambo moja: kulitambua jino linaloanza kuoza likiwa bado halijatoboka. Mgonjwa wetu wa kawaida anafika akiwa ameshika shavu, hajalala siku tatu, na anachoomba ni kung'olewa. Hapo tumeshachelewa. Uozo hula enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, taratibu, kwa kawaida kwa miaka, na katika kipindi chote hicho jino haliumi. Kipindi hicho ndicho tunachokipoteza.

Kwenye mafunzo yetu ya vitendo alikuja mama kutoka Maji ya Chai, huku kwetu karibu na Mlima Meru, na mwanawe wa miaka 11. Nilitazama gego lake la chini kulia likiwa na mate: safi, linang'aa. Nikaliswaki, nikalipulizia hewa kwa sekunde 5. Pembeni mwa ufizi pakajitokeza doa jeupe kama chaki, lisilong'aa. Mama akainama akaliona, akaniuliza: "Daktari, si ni haya maji yetu tu?"

Niseme kwanza kwa nini doa lilijificha. Enameli iliyoanza kupoteza madini ina vitundu vidogo mno. Vikijaa mate, mwanga unapita karibu kama kawaida, kwa sababu maji na enameli havitofautiani sana katika kuupinda mwanga. Vikikauka vikajaa hewa, tofauti inakuwa kubwa, mwanga unatawanyika, na weupe unaonekana. Doa linalohitaji kukaushwa ndipo lionekane ni changa kuliko lile linaloonekana jino likiwa na mate. Vipimo vya ICDAS, mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za uozo kwa namba, vinaliita la kwanza namba 1 na la pili namba 2. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kugundua uozo tunacho tayari sote, nacho ni hewa ya kukaushia, taa na kioo.

Sasa swali la mama, ambalo kwa ukanda wetu ni zito. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vina floraidi, madini yanayokinga meno yakiwa kidogo na kuyatia madoa yakizidi, kupita miligramu 1.5 kwa lita iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayotia kwenye maharage huongeza nyingine. Madoa ya floraidi na madoa ya uozo yote ni meupe. Ya floraidi kwa kawaida huja pande zote mbili, kushoto kama kulia, yakiwa na mistari inayokata jino kwa upana au weupe kwenye ncha. La uozo hukaa pale utando mchafu unapolala: kando ya ufizi, ndani ya mifereji ya gego, chini ya mahali meno mawili yanapogusana. Yule kijana alikuwa na yote mawili. Mistari ilikuwa ya maji, doa la gego lilikuwa la uozo.

Ndiyo maana nawasihi mwe waangalifu na vifaa vya leza vinavyotoa namba. Vinapima mwanga ambao jino hutoa likimulikwa na leza, na jino lenye rangi ya kahawia ya floraidi linaweza kutoa namba kubwa bila kuoza. Programu za akili mnemba zinazosoma picha nazo nazipokea kwa moyo mweupe, ila anayeuza atuonyeshe kwanza kwamba zimejaribiwa kwenye vinywa vya watu wanaoishi kwenye maji kama yetu.

Kati ya jino na jino, jicho halifiki. Pale tunahitaji picha ya eksirei ya kung'ata, tunayoiita baitiwingi, ambayo Howard Raper aliileta mwaka 1925 na hadi leo haijapata mbadala kamili. Picha ya yule kijana ilionyesha kivuli kidogo chenye umbo la pembetatu, ndani ya enameli tu, gego linapogusana na jirani yake. Kumbukeni kwamba kivuli huonekana madini yakiwa yamepungua kwa takriban asilimia 30 hadi 40, kwa hiyo ugonjwa umeenda mbele kidogo kuliko picha.

Lakini kivuli si amri ya kuchimba. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliona giza shingoni mwa jino la mgonjwa, nikachimba, nikakuta jino zima. Mionzi hupita kwa urahisi zaidi pale shingoni ambapo enameli imekwisha na mfupa haujaanza, na kivuli chake hudanganya. Jino lile nililitoboa mimi, halikutobolewa na ugonjwa. Tangu hapo, picha ambayo meno yamepandana sitoi hukumu juu yake. Naipanga pembe upya, naipiga tena.

Kijana wetu hatukumchimba. Tulimpaka vanishi ya floraidi, dawa inayogandishwa juu ya jino, tukamwelekeza mama kupunguza soda na biskuti za kati ya milo, tukapanga kumwona tena. Mama alishangaa kwamba maji yenye floraidi nyingi hayakumkinga, na dawa ni floraidi hiyohiyo. Nilimweleza kwamba sukari ya mara kwa mara huishinda nguvu, na kwamba vanishi hukaa juu ya jino pale inapohitajika.

Kwa wajawazito wenye hofu ya picha, taa ya kumulika jino kwa nyuma inasaidia sana, hasa meno ya mbele: sehemu iliyooza hutawanya mwanga na kuonekana nyeusi. Hata hivyo hofu tuipunguze kwa ukweli. Picha moja ya kidijitali ya kung'ata hutoa mionzi inayolingana na ile ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku moja hivi. Wajibu wetu ni kutopiga bila sababu, na kuwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki pamoja na beji za kupimia mionzi kwa wahudumu. Kibali kilichokwisha muda ni mashine iliyozimwa, tuelewane hapo.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kila mwanachama alete kikaoni picha 3 za kung'ata alizozitilia shaka, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa, tuzisome pamoja ukutani. Mwenye projekta awasiliane na katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti