Kasi ya mapema ilimponza Sheppard kabla Rudisha hajazaliwa

Mhariri,

Makala ya riadha mliyochapisha juma lililopita ilidai kwamba kuanza mita 800 kwa kasi kali ni mtindo ulioletwa na Mkenya David Rudisha, na kwamba mabingwa wa kale walijikokota tu hadi kengele ya mzunguko wa mwisho ilie. Si kweli. Tena inaudhi, maana makocha wa shule zetu husoma ukurasa huo na kuufuata.

Mmarekani Mel Sheppard, mzaliwa wa New Jersey, alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya London mwaka 1908 kwa dakika 4:03.4. Wiki moja baadaye akatwaa ya mita 800 kwa 1:52.8, rekodi ya dunia. Dhahabu yake ya tatu ilitoka kwenye mbio za kupokezana. Tazameni alivyozigawa zile mita 800: nusu ya kwanza sekunde 53.0, nusu ya pili 59.8. Karibu sekunde saba zilipotea njiani, na bado Emilio Lunghi wa Italia alifika nyuma yake kwa 1:54.2.

Miaka minne baadaye, Stockholm, alizidisha. Alipita mita 400 kwa 52.4, huku nusu ya pili ikimchukua 59.6. Safari hii alikuwepo wa kumwadhibu: Ted Meredith, Mmarekani mwenzake wa miaka 20, mwanafunzi wa Mercersburg Academy huko Pennsylvania. Meredith alimaliza kwa 1:51.9. Sheppard na Ira Davenport wote walipimwa 1:52.0. Meredith hakusimama hapo, bali aliendelea hadi alama ya yadi 880 (nusu maili), mita 4.67 mbele, na saa ikasoma 1:52.5. Rekodi mbili za dunia katika mbio moja, kwenye njia ya majivu ya makaa!

Kosa la Sheppard halikuwa kuongoza. Rudisha naye aliongoza kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, lakini nusu zake zilikuwa 49.28 na 51.63, tofauti ya sekunde 2.35 tu. Ukiilipua nusu ya kwanza, misuli hujaa asidi mapema, hatua hufupika, mabega hupanda, na kuanzia mita 600 hivi mkimbiaji anapunguza mwendo hata akiwa anajikaza kwa nguvu zote. Anayeonekana kuchomoka kutoka nyuma mara nyingi hajaongeza kasi, ila amepungukiwa kidogo kuliko wenzake.

Kwa hiyo mwanafunzi anayelenga 1:58 apewe nusu za sekunde 58 na 60. Kwa kila mita 200: 28.5, 29.5, 30 na 30. Akipita 400 kwa 54 usimpigie makofi, maana kwenye mnyoofu wa mwisho atatembea.

Hapa Nairobi kuna tatizo jingine ambalo Sheppard angelitambua. Njia ya London mwaka 1908 ilikuwa na mita 536 na ushei, kwa hiyo mita 400 hazikuangukia kwenye utepe wa kumalizia. Viwanja vingi vya shule zetu, vya nyasi au murram, navyo havifiki mita 400. Chukua kiwanja cha mita 300: mbio za mita 800 ni mita 200 pamoja na mizunguko miwili. Kocha anayesimama kwenye utepe hupima mita 200, kisha 500, kisha 800. Mita 400 haioni kabisa. Akidhani kila mzunguko ni "raundi" ya mita 400, namba anazowapigia watoto kelele ni za uongo. Achomeke kijiti mita 100 kabla ya utepe na amweke mtu hapo na saa: ndipo 400 ilipo. Kwa huyo wa 1:58, utepe wa mita 500 usome 1:13.

Kupima urefu wa njia nako kuna hesabu yake. Penye ukingo wa ndani ulioinuka, kamba ya kupimia ipite sentimita 30 kutoka kwenye ukingo. Penye chokaa tu, sentimita 20. Wengi hupima juu ya chokaa yenyewe, njia inakuwa ndefu kuliko wanavyodhani, kisha wanashangaa muda wa mtoto unapoboreka akifika uwanja wa Nyayo au Kasarani.

Naomba sahihisho lichapishwe kabla mashindano ya shule hayajaanza.

Mpenzi wa riadha,
Nairobi