Labrador wa njano si lazima awe chotara

Ndugu Mhariri,

Wanunuzi humkataa mtoto wa Labrador (aina ya mbwa) wa njano kwa kuwa wazazi wake ni weusi, wakidai kachanganywa damu. Si kweli. Rangi hutokana na jeni, yaani chembe za urithi; mtoto hupata moja toka kwa kila mzazi. Jeni B kubwa huleta weusi. Jeni b ndogo mbili huleta kahawia. Jeni E kubwa huruhusu rangi hizo kwenye manyoya; e ndogo mbili huzizuia, mbwa akawa wa njano. Weusi wawili wa BbEe (kila mmoja ana B na b, E na e), kwa wastani wa watoto 16, huzaa weusi 9, kahawia 3, njano 4. Njano kwa njano huzaa njano. Akitokea mweusi hapo, ulizia dume la jirani! Anayetaka uhakika ampanguse mbwa ndani ya shavu kwa pamba safi, kabla hajala, apime DNA. Pua nyeusi ya mbwa wa njano hufifia, isikupotoshe ukadhani ni chotara.

Mfugaji wa mbwa,
Moshi