Kuh: Senti kumi ya babu mliyoiharibu Kisumu

Kwa Meneja Mkuu,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika kuhusu kazi niliyoleta tawi lenu la Kisumu, ya kurejesha mwaka uliofutika kwenye sarafu moja. Masharti yenu mmeyachapisha nyuma ya risiti, kwa hivyo sina haja ya kuwasomea.

Naanza na Jumatatu, siku tuliyokuja kuichukua sarafu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Kijana wenu wa kaunta alikuja na chupa ya jemu yenye maji ya rangi ya kijani na buluu, akamimina kwenye kisahani, akaisukuma sarafu yetu kwa ncha ya kalamu kana kwamba ni mdudu aliyekufa. Nilipomuuliza mwaka uko wapi, alinijibu: "Mama, hii ni senti kumi. Hata peremende hainunui." Msimamizi wake akatoa shilingi ishirini mfukoni, akairusha juu ya kaunta. "Chukua, umepata faida." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Hiyo senti kumi ni ile ya tundu katikati na pembe za ndovu huku na huku, ya shaba na nikeli, ya enzi za Mfalme George V. Tarakimu tatu zilisomeka vizuri: 1, 9, 1. Ya nne ndiyo iliyolika. Babu mzaa mama aliachiwa na baba yake, aliyewabebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza, na nyumbani tumeambiwa miaka yote kwamba ni sehemu ya malipo aliyorudi nayo. Ingetokea 8, yaani 1918, mwaka vita vilipoisha, hadithi ya mzee ingepata mguu wa kusimamia. Ingetokea 1, 2 au 3, yaani kabla ya vita, tungebaki na swali, lakini tungejua. Hatukutafuta bei. Tulitafuta tarakimu moja!

Fundi wenu alinihakikishia, mama yangu akisikia, kwamba mtatumia kloraidi ya feri, dawa inayokula metali, tone moja juu ya mwaka peke yake, kisha maji safi. Nilikubali nikijua doa la dawa litabaki pale na hakuna mkusanyaji atakayeitaka tena. Mbinu yenyewe si uganga. Sarafu inapopigwa chapa, metali iliyo chini ya tarakimu hukandamizwa tofauti na ile inayoizunguka. Hata uso ukisugulika ukawa laini kabisa, dawa hula sehemu hizo mbili kwa kasi tofauti, na kivuli cha nambari kinajitokeza. Lakini kivuli hicho ni chembamba mno. Ukizidisha, dawa inakila chenyewe, na hakirudi.

Ninyi mliitumbukiza nzima. Mliiweka kwenye siki ya jikoni iliyochanganywa na peroksaidi ya kuoshea vidonda, Ijumaa jioni mkafunga duka mkaenda zenu hadi Jumatatu. Fundi mwenyewe alikiri kwamba mliisahau. Simu yangu haikulia hata mara moja, ilhali masharti yenu yanakataza kubadilisha dawa bila ya idhini ya mteja. Yale maji ya kijani na buluu mliyoyamimina ndiyo shaba na nikeli ya babu yangu. Kilichobaki ni kitu chembamba cha kijivu, chenye vishimo na madoa mekundu. Zile 1, 9, 1 tulizokuja nazo, nazo zimekwenda.

Narudi kwenye ile shilingi ishirini, maana sikusema yote. Msimamizi alipoirusha ilibingirika, ikagonga kisahani, vyote vikaanguka sakafuni. Aliyeinama ni mama yangu. Ana miaka 78 na goti lake ni bovu. Hakuigusa ishirini yenu. Aliokota senti ya babake katikati ya viatu vya watu waliokuwa wakimcheka, akaifuta kwa leso ile aliyoifungia fundoni siku tuliyoileta, na leso ikashika rangi ya kijani. Hakuna aliyemwambia pole. Kijana wenu alisema, "Anayefuata!"

Nilipoketi kuandika nilikusudia kudai shilingi 1,500 nilizolipa na barua ya kuomba radhi. Nimefika hapa na naona hayo hayatoshi. Nataka msimamizi yule aje nyumbani, amwombe mama radhi ana kwa ana, mimi na ndugu zangu tukiwepo. Nataka fidia ya shilingi 50,000. Na lile tangazo la kurejesha miaka ya sarafu liondolewe ukutani mpaka muwe na mtu anayeijua hiyo kazi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nakwenda Mahakama ya Madai Madogo, na huko sitadai 50,000 tena, nitadai zaidi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kulipwa fidia akipata hasara. Picha za sarafu kabla sijawaletea ninazo. Leso haijafuliwa. Na msinitumie mtu kuichukua sarafu eti ikaangaliwe tena, kwa sababu haitoki nyumbani kwetu.

Wenu,
Mteja wenu,
Kondele, Kisumu