Mafundi wa miradi mikubwa wapewe vyeti vyao vya utumishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyotafuta na kuajiri watu katika sekta ya ujenzi na uhandisi. Mimi ni mhandisi wa ujenzi niliyesajiliwa, nafanya kazi na mkandarasi mzalendo hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaosoma barua za maombi na kuwasaili waombaji, kuanzia wahandisi waliohitimu karibuni hadi mafundi wa kusuka nondo.

Matangazo ya kazi ya siku hizi yanafanana kwa jambo moja: yote yanataka uzoefu. Anatakiwa mhandisi wa miundo aliyekaa miaka mitano katika mradi wa aina hiyo hiyo, mpima aliyewahi kushika kazi ya reli au ya barabara kuu, afisa usalama na afya anayeyajua masharti ya miradi ya Benki ya Dunia, opereta wa krini ambaye hahitaji kuelekezwa. Ajira yenyewe ni ya mradi; mradi ukiisha, kila mmoja anarudi mtaani kuanza upya. Mwajiri wa mkataba wa namna hiyo hana muda wa kufundisha, na simlaumu sana, kwa kuwa hata zabuni humtaka awasilishe wasifu wa wataalamu wake na miaka waliyofanya kazi zinazofanana na ile anayoiomba.

Kinachoniumiza ni kwamba uzoefu huo nchini upo, tena mwingi, ila hauna maandishi. Katika kipindi kisichozidi miaka kumi na mitano tumeona Daraja la Nyerere la Kigamboni likifunguliwa mwaka 2016, daraja la juu la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, Daraja la Tanzanite mwaka 2022, na reli ya kisasa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017 na ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Kule Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Makandarasi wakuu wa kazi nyingi kati ya hizo walitoka Uturuki, Misri, Korea Kusini na China, lakini waliosuka nondo, waliofunga fomu za kushikilia zege, waliomwaga zege usiku ili jua lisiliharibu, walikuwa Watanzania kwa maelfu. Kazi zilipokwisha, wengi wao waliondoka na mshahara wa mwisho na kofia ya plastiki, basi.

Hivi karibuni alifika ofisini kwetu fundi wa nondo aliyesema amefanya kazi katika nguzo za daraja kubwa. Ushahidi aliokuwa nao ni picha kwenye simu, yeye akiwa juu ya jukwaa na nondo zimesimama nyuma yake, pamoja na kitambulisho cha getini kilichokwisha muda na kufifia hadi jina halisomeki. Nyapara aliyemsimamia hapatikani tena kwa namba aliyokuwa nayo. Tukampeleka saiti, msimamizi wetu akampa jedwali la nondo la boriti moja. Kijana alilisoma, akapima, akakata, akakunja ringi zake, akazipanga kwa nafasi iliyoandikwa, akaacha urefu wa kuunganishia bila kukumbushwa na mtu. Tulimwajiri siku ile ile. Hata hivyo, tulipokuwa tunaandaa zabuni na kutakiwa kuorodhesha mafundi wenye uzoefu wa madaraja, hatukuweza kumweka, maana hakuna sahihi ya mtu yeyote inayosema alichokifanya.

Huyo alibahatika kukutana na watu waliokuwa na nafasi ya kumjaribu. Katika saiti nyingi, hasa za maghorofa yanayoota Kariakoo na Kinondoni, vijana husimama getini tangu alfajiri na nyapara huchagua kwa sura anazozijua. Anayejulikana anaingia hata kama timazi inamshinda. Mgeni anabaki nje na ustadi wake, au anaingia kama saidia fundi na kulipwa hivyo hivyo. Wapo manyapara wanaokata sehemu ya ujira wa siku kama shukrani, na kijana hawezi kukataa kwa sababu hana kitu kingine cha kumtambulisha zaidi ya nyapara huyo. Wanawake wanaumia zaidi katika utaratibu huu. Nimewaona walioanza kwa kubeba maji na kokoto, wakajifunza kuweka vigae kwa ufundi wa kupigiwa mfano, lakini wakifika saiti mpya wanaoneshwa ndoo.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wapo watakaosema kwamba kibarua wa saiti si mfanyakazi wao, ni wa mkandarasi mdogo, au kwamba hana mkataba wa maandishi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 61, imekwisha kulijibu hilo: mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Fundi wa saiti hufikisha saa 45 katika wiki moja.

Wala si kweli kwamba kazi ya kuandika vyeti ni nzito. Kila saiti inayolipa watu ina daftari la mahudhurio, na ndilo linalofunguliwa kila siku ya malipo. Jina limo, siku zimo, kazi aliyopangiwa imo. Kinachobaki ni kuyahamishia hayo kwenye karatasi moja na kumtaka msimamizi aweke sahihi na mhuri, akieleza kwa maneno ya kitaalamu alichokifanya mhusika, kwa mfano kwamba alisuka nondo za nguzo na sitaha ya daraja kwa miezi kumi na nne. Karatasi inayosema tu kwamba fulani alikuwa kibarua haimsaidii yeye wala anayetaka kumwajiri.

Kwa wahandisi tumeshaona kwamba inawezekana. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo ambamo mhitimu hukaa miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, akiandika kazi anazofanya, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shida ya mpango huo ni uhaba wa kampuni zinazokubali kuwapokea vijana, hilo nalijua. Lakini aliyeupitia hahojiwi kama tulivyomhoji yule fundi wa nondo. Kwa upande wa mafundi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na fundi mwenye cheti cha utumishi kinachoeleza kazi zake angefika katika chuo chake cha Chang'ombe akiwa na mahali pa kuanzia.

Ninachoomba kwa Tanroads, Tarura, Shirika la Reli na taasisi nyingine za umma zinazotoa kandarasi ni sharti moja katika mikataba yao: mkandarasi mkuu asilipwe fedha zinazozuiwa hadi mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya ujenzi kukamilika, mpaka aoneshe kwamba yeye na wakandarasi wadogo walio chini yake wamewapa watu wao vyeti vya utumishi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nayo inaweza kuuliza jambo hilo hilo kila inapokagua saiti, kwa makandarasi wa madaraja yote saba ya usajili, tusisingizie kwamba ni mzigo wa wageni peke yao. Ipo miradi inayoelekea ukingoni hapa jijini wakati huu, ikiwamo ya barabara za mabasi yaendayo haraka, na madaftari yake ya mahudhurio bado yako saitini. Yakishachukuliwa na makontena ya ofisi yakahamishwa, hakuna atakayeweza kuwaandikia watu wale chochote.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa ujenzi,
Ubungo, Dar es Salaam