Barua ya Kufunga Muhula: Kabla Mtoto Hajaanza Kibarua

Wapendwa wazazi na walezi,

Tunafunga muhula leo na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake. Naomba muisome pamoja naye, muitie sahihi, airudishe siku ya kufungua. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja ambalo limeninyima raha muhula mzima.

Wiki ile ya kwanza, kijana wetu wa miaka 15 aliingia ofisini kwangu mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Alikuja kuomba asamehewe kuandika. Alipoutoa, ulikuwa umefungwa bendeji, na ncha ya kidole cha shahada haikuwepo. Likizoni alipata kibarua. Siku ya tatu aliambiwa afute vumbi kwenye mashine, naye akaifuta huku mkanda ukizunguka. Kitambaa kilinaswa, mkono ukafuata. Nilimuuliza kama hakujua kwamba mashine huzimwa kwanza. "Sikujua, Mwalimu. Na niliona haya kuuliza, wangesema sijui kazi." Ameniruhusu niwasimulie, mradi nisimtaje jina.

Tumewalea watoto hawa kuwatii wakubwa, na tumefanya vyema. Lakini mgeni kazini hutumwa na kila mtu, hajui hatari iko wapi, na hutamani sana kuonyesha kwamba anaweza. Hata glavu anazopewa mara nyingi ni za mtu mzima, na glavu inayopwaya ni rahisi kunaswa na kitu kinachozunguka.

Sipingi vijana kufanya kazi. Wapo wanaojinunulia madaftari kwa jasho lao, na nawaheshimu kwa hilo. Nachopinga ni kazi isiyo ya umri wao. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, kwa kawaida hutaka anayeajiriwa awe ametimiza miaka 15, na kwa kazi za hatari miaka 18. Mashine hatari, mizigo mizito, kupanda mahali pa juu, kemikali kali, kazi za usiku: hizo si za mwanafunzi wetu, hata kama malipo ni mazuri.

Kwa hiyo, kabla hajaanza, nendeni wenyewe mkapaone. Muulizeni mwajiri nani atamfundisha, nani atakuwa karibu naye, na akiumia atapelekwa wapi. Mwajiri akiudhika kwa maswali hayo, mtoto asianze kazi hapo. Kisha nyumbani mzoezeni kusema kwa sauti, bila kuinamisha kichwa: "Samahani, hii sijafundishwa. Naomba unionyeshe kwanza." Mwambieni pia kwamba akifukuzwa kwa kusema hivyo, hamtamgombeza. Bila hilo hatathubutu.

Mawili ya haraka. Dawa ya usafi yenye klorini isichanganywe na yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Na akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Atakayeumia likizoni, hata jeraha dogo, amwone mwalimu wake wa darasa siku ya kufungua. Hataadhibiwa kwa kutomaliza kazi za likizo; tutampangia muda mwingine.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu