Bili ya paa haibishaniwi kwa jumla

Ndugu Mhariri,

Mvua zikianza Novemba huku Mbeya, kila mwenye paa linalovuja anamtafuta fundi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo neno "tutaelewana" linapofanya kazi yake. Fundi anapanda, anafumua, anapigilia. Siku ya tatu anashuka na karatasi yenye mstari mmoja: vifaa na ufundi, shilingi 1,850,000. Mwenye nyumba aliyekuwa na laki sita kichwani anapandisha sauti, fundi naye anapandisha yake. Wanagombania jumla, na jumla haina jibu. Jibu liko juu ya paa.

Bati likishapigiliwa halijifichi. Chukua mfano wa upande mmoja wa paa wenye urefu wa mita 9, na kutoka kwenye kofia (bati linalofunika kilele cha paa) hadi ukingoni mita 5.6. Mabati ya mita 3 yakipangwa safu mbili, moja ikilalia nyingine kwa sentimita 20, yanafika mita 5.8, yanatosha. Sasa pima upana unaoonekana wa bati moja baada ya kulaliwa na mwenzake, si upana wa bati zima lililo dukani. Ukipata sentimita 70, mita 9 zinahitaji mabati 13 kwa safu, yaani 26 kwa upande huo. Bili ikisema 34, kuna mabati 8 ya kuulizia. Yanaweza kuwa na maelezo: paa la pande nne hukatwa mshazari na vipande vingi hubaki, kwa hiyo omba kuviona. Paa la pande mbili halina udhuru huo.

Angalia na geji, yaani namba ya unene wa bati. Namba inavyokua ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo aliyelipia geji 28 akawekewa geji 30 ameuziwa bati jepesi kwa bei ya zito. Mabati mengi yana maandishi ya kiwandani upande wa chini. Pale pasipo na dari, ingia ndani na tochi, uyasome kabla hujafungua mdomo.

Kwenye mbao, ugomvi mwingi ni wa lugha. Duka moja linahesabu vipande, jingine linahesabu futi. "Mbao 120 za mbili kwa nne" (inchi) inaweza kuwa futi 120, yaani vipande 10 vya futi 12, na inaweza kuwa vipande 120, mzigo wa kuezeka nyumba nzima. Risiti ya duka ndiyo inayokata mzizi, ile ya mashine yenye jina la duka na tarehe, si kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wa fundi mwenyewe. Tarehe nayo isomwe: risiti ya mwezi uliopita huenda ni ya nyumba ya mtu mwingine.

Kuna bili inayopanda kwa haki, na hili wenye nyumba hawapendi kulisikia. Kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) au papi (mbao inayopigiliwa bati) iliyooza haionekani mpaka bati litoke. Fundi akiikuta, kuifunika na bati jipya ni kumdanganya mteja. Lakini alichopaswa kufanya ni kusimamisha kazi, kupiga picha, kupiga simu na kusubiri ndiyo. Aliyeendelea kimya kisha akadai mbao mpya ana haki ya kueleza. Kudai zote kwa bei anayotaka ni jambo jingine.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye namna ya kudai ufundi. Wapo mafundi wanaodai asilimia ya gharama ya vifaa. Kwa mpango huo, kila bati la ziada linamwongezea fundi mshahara, na hata mtu mwaminifu atajikuta mkono wake ni mwepesi kuongeza. Ufundi utajwe kwa kazi: kufumua upande huu, kubadili papi hizi, kuezeka, kuweka kofia. Usafiri nao uhesabiwe kwa safari. Kirikuu, kigari cha mizigo, kilichokwenda sokoni Mwanjelwa mara moja hakilipwi mara tatu.

Kabla ya kulipa, kagua misumari. Kwenye bati la migongo msumari unakaa juu ya mgongo, si kwenye bonde maji yanakopita. Mpira wake ubane bila kupasuka. Ukikuta imepigwa bondeni, hiyo si kazi ya kupunguziwa bei, ni kazi ya kurudiwa, maana tundu la bondeni litavuja mvua ya kwanza hata lipakwe lami.

Ubishi ukibaki, usikatae kulipa chochote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na aliyenufaika na kazi isiyo ya bure anadaiwa thamani yake. Lipa sehemu isiyo na mgogoro kwa simu ili ujumbe ubaki, kisha andikeni: "Nimelipa mabati 26, misumari na ufundi wa upande mmoja. Mabati 8 bado tunabishania." Wote wawili mtie saini, na shahidi mmoja. Karatasi hiyo ndiyo ya kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo. Fundi akitishia kupanda kung'oa bati, aitwe mwenyekiti huyo huyo. Asijibiwe kwa panga wala kwa mbwa.

Jambo moja husahaulika kabisa: mabati ya zamani yaliyoshushwa ni ya mwenye nyumba. Kama fundi ameondoka nayo, na huwa wanaondoka nayo, thamani yake ikatwe kwenye bili.

Mkadiriaji wa majengo,
Uyole, Mbeya