Mabweni ya Lamu yanahitaji walezi wa usiku wanaojua lugha ya watoto

Mhariri,

Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ianze Septemba 2015, shule za msingi za wadi ya Basuba zimekuwa zikifungwa na kufunguliwa, na watoto wengi wa Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, wamelazimika kuacha vijiji vyao na kusomea bweni huku Mokowe. Yanayojadiliwa sana ni majengo, karo na usalama wa barabara ya Hindi hadi Kiunga. Hayo ni ya haki. Lakini sisi tunaofanya kazi ya ulezi mabwenini tunaomba nafasi tuzungumzie saa za baada ya masomo, kuanzia jua kutua hadi kengele ya asubuhi, maana ndizo zinazoamua kama mtoto atabaki shuleni au atatoroka.

Jambo la kwanza ni mtu mzima anayelala karibu na watoto na kuielewa lugha yao. Mtoto wa miaka saba aliyelelewa kwa Kiaweer hufika na Kiswahili cha kuombea maji na chakula. Hana Kiswahili cha kueleza kwamba akikojoa anaumia, au kwamba mkubwa wa kitanda cha juu anamtisha. Mtaala wetu unataka lugha ya nyumbani itumike hadi gredi ya tatu. Darasani hilo lina ugumu wake, kwa kuwa vitabu na walimu wa Kiaweer ni haba. Bwenini hakuhitajiki kitabu, anahitajika mama au baba mmoja wa kutoka Basuba, Milimani au Mangai. Na kile kibao cha aibu anachovishwa mtoto aliyesema lugha ya kwao kitupwe. Kinamfunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza huwezi kumsaidia.

Kwa nini walezi wa aina hiyo hawapo? Mwalimu huajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, lakini matroni huajiriwa na bodi ya shule na hulipwa kutokana na pesa za bweni. Pale ambapo wazazi hawana cha kulipa, matroni huwa mmoja kwa watoto wote, au mlinzi wa lango ndiye hugeuzwa mlezi. NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hujenga bweni, haulipi mshahara wa mlezi anayelala ndani yake. Kaunti nayo kikatiba imekabidhiwa chekechea, kwa hiyo shule ya msingi huonekana si yake. Pendekezo letu ni kwamba basari za watoto wa jamii zilizotengwa, ambazo kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iziwekee mipango maalum, zihesabu malezi ya usiku kama zinavyohesabu karo. Kwa maoni yetu, mlezi mmoja asizidishiwe watoto 30.

Wiki sita za kwanza ndizo ngumu, nazo zihesabiwe tangu siku mtoto alipofika, si tangu siku shule ilipofunguliwa. Tofauti hii ni kubwa kwetu. Muhula wa pili hufunguliwa kusi likianza kuvuma, na wanaosafiri kwa boti wanaweza kuchelewa; wa barabarani nao husubiri usalama. Mtoto anayefika wiki ya tatu hukuta wenzake wameshaonyeshwa choo, bomba na zamu za kufua, na badala ya kupokewa anaulizwa kwa nini amechelewa. Apewe mwenzake wa kijiji kimoja aliye mkubwa kidogo, alazwe kitanda cha chini karibu naye, na ndugu wasitenganishwe mabweni bila sababu. Msichana na kaka yake hawawezi kulala pamoja, lakini wanaweza kukaa meza moja wakati wa chakula cha jioni.

Dalili za kuangalia ni hizi: sahani inayorudi imejaa siku mbili mfululizo, tumbo linalouma kila asubuhi bila homa, usingizi darasani, na mtoto anayefunga nguo zake kwenye furushi. Utoro hupangwa zaidi Jumapili alasiri, wakati hakuna la kufanya. Jazeni muda huo: mpira, kutengeneza mzinga wa nyuki, hadithi kwa Kiaweer, kazi ya bustani.

Kukojoa kitandani kunastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiko kunakoleta aibu kuu na vipigo vingi. Sababu si moja. Kuna hofu ya ugeni, kuna choo kilicho mbali gizani, na kuna maradhi. Pwani yetu ina kichocho, na mtoto mwenye kichocho hukojoa mara kwa mara, pengine kwa maumivu au damu mwishoni mwa mkojo. Kabla ya kumwita kikojozi, mpelekeni zahanati apimwe mkojo; kichocho hutibiwa kwa vidonge vinavyokadiriwa kwa uzito au kimo. Asipokuwa mgonjwa, anywe maji yake mengi mchana, apunguze baada ya chakula cha usiku, lakini asinyimwe kabisa kwa joto hili la Lamu. Aamshwe saa nne usiku, aamke kweli na atembee mwenyewe. Wekeni taa ya sola kwenye njia ya choo na ndoo yenye kifuniko ndani ya bweni. Godoro livishwe mpira, mtoto awe na shuka mbili, na matroni amwamshe kabla ya wenzake ili zile mbichi zifuliwe mapema. Kuanika godoro mbele ya gwaride kunazidisha hofu, na hofu inazidisha mkojo.

Upele nao hauishi kwa sababu anatibiwa mmoja na wenzake wanaachwa. Dawa ipakwe bweni zima jioni moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni pamoja na katikati ya vidole, shuka na nguo zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, kisha dawa irudiwe kama zahanati itakavyoelekeza. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata wadudu wakishakufa, kwa hiyo msimpake mtoto kila siku, mtamchubua ngozi.

Kwa wasichana, sheria ya 2017 imeipa serikali jukumu la kutoa sodo bure. Zikifika, zikae kwa matroni, si ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, maana msichana mgeni hataingia huko kuomba.

Waaweer wengi ni Waislamu. Mpishi anayeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi hawezi kutoa daku, kwa hiyo zamu za jikoni zibadilishwe kabla Ramadhani haijaandama.

Simu ya nyumbani ni dawa, ila mtandao vijijini ni wa shida. Njia inayofaa ni ujumbe wa sauti: mtoto anaongea dakika mbili kwenye simu ya shule, ujumbe unatumwa kwa naibu wa chifu au mhudumu wa afya wa jamii, naye anaupata afikapo penye mtandao na kuurudisha na sauti ya mama. Pangeni siku maalum na daftari la majina, wasije wakapiga walewale wenye kujua kuomba.

Tumalizie na kufuli. Kuna wanaofunga bweni kutoka nje usiku ili watoto wasitoroke. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unakataza jambo hilo, na unataka milango ifunguke kwa nje, iwe kila upande na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane mita 1.2 na ujia uwe mita 2. Septemba 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, uliua watoto 21. Mahali pa kufuli awekwe mlezi, alale karibu na mlango, ufunguo ukiwa upande wa ndani.

Kabla ya muhula ujao tunaiomba kila bodi ya shule ya bweni Lamu itaje kwa maandishi nani analala na watoto, anajua lugha gani na analipwa na nani. Namba 116, ya bure kwa watoto walio taabuni, iandikwe ukutani kwa rangi, na pawe na simu ambayo mtoto ataruhusiwa kuitumia bila kueleza kwanza anataka kusema nini.

Walezi wa wanafunzi wa bweni,
Mokowe, Lamu